Jina Juu ya Mlango wa Gari

Ypsilanti, Michigan. Jumatano, 9 Aprili 2014

Huu ni mwaka wa hamsini na moja tangu nitoke Kentucky. Nilitoka kijana wa miaka kumi na tisa, nina mashati mawili na viatu vya kuazima, nije kiwandani kufunga milango ya magari kwa mwaka mmoja, kisha nirudi. Mwaka huo mmoja bado haujaisha.

Theluji ya mwisho imebaki nyuma ya gereji, nyeusi kama makaa yaliyomwagiwa maji. Asubuhi dada yangu Verdie alipiga simu. Uwanja wa mbio za magari wa Stillhouse, kule kwetu, unafungwa. Wenye ardhi wameuza. Mbio za mwisho ni wikendi ya Sikukuu ya Wafanyakazi, Agosti ikiisha, na Jumamosi yake kutakuwa na mbio maalumu za magari ya zamani, kwa madereva waliowahi kushindana pale.

"Wewe ulishindana pale," akasema.

"Msimu mmoja tu, Verdie."

"Msimu ni msimu. Hilo lichuma lako bado liko hai?"

"Limelala."

"Basi liamshe. Na nisikilize, mdogo wangu. Magoti yangu yamekwisha. Nahamia Lexington kwa binti yangu kabla ya baridi. Kuna mwalimu na mkewe wanaitaka nyumba ya mama. Nimewaambia wangoje."

"Wangoje nini?"

"Wakungoje wewe. Njoo ukimbize gari, ulale kitanda cha baba, kisha uniambie unarudi au hurudi. Jumatatu baada ya mbio nawajibu."

Alipokata nilibaki na simu mkononi. Miaka yote hii watu wameniuliza nitarudi lini. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nitarudi.

11 Aprili

Nimefunua turubai. Panya wamezalia kwenye kiti.

19 Aprili

Injini imekubali, kwa moshi na matusi. Ni Shevrole ya mwaka sabini na tisa, ina namba 63 mlangoni, mwaka niliotoka kwetu. Sijaligusa tangu Lorene, mke wangu, alipoanza kuugua, na sasa ana miaka mitatu kaburini. Gari hili halijui kwenda moja kwa moja. Uwanja wa mbio zetu ni duara, na gari huzunguka kwa kushoto tu, kwa hiyo hulitengeneza lielemee kushoto: uzito wote unaohamishika unahamishiwa huko, na tairi za kulia huwa kubwa kuliko za kushoto. Ukiachia usukani barabarani, linakupeleka kwenye mtaro wa kushoto kwa hiari yake. Lorene alikuwa akisema tumeoana mimi, yeye na gari lenye kilema.

Jirani amekuja, bila shaka. Kaz Wojtas ni Mpolandi, alikuwa akiandika mabango ya maduka kwa brashi kabla herufi za plastiki hazijamnyang'anya kazi. Mkewe naye alikwisha kufa. Huingia gereji bila hodi, huketi juu ya tairi na kula karanga.

"Karanga nje, Kaz."

"Gari lenyewe haliendi popote, Kentucky. Mkosi utaliona wapi?"

"Nje."

Kwa watu wa mbio, karanga ni mkosi, na gari la kijani ni mkosi mkubwa zaidi. Kaz anajua. Alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani, akaendelea kutafuna. Kila mwaka anatangaza kwamba atahamia Florida kwa mwanawe. Leo nilitamani awe amekwisha kwenda.

2 Mei

Mvua. Shokapu za nyuma zimeoza zote.

3 Mei

Mvua.

26 Mei

Siku ya kupamba makaburi. Toka alfajiri barabara namba ishirini na tatu imejaa watu wetu wanaoelekea kusini na maua kwenye buti za magari. Mtu wa kwetu anaweza kufia Michigan, lakini hazikwi Michigan. Wanachangishana, wanamrudisha milimani. Nimebeba majeneza ya watu wengi kwenye barabara ile.

Lorene alikataa. Alitoka bonde la pili kutoka letu, anaimba nyimbo zilezile, anapika maharage na mkate wa mahindi vilevile, lakini alipokuwa amelala pale hospitalini alisema, "Nizike hapa, Denzil. Hapa ndipo nilipoishi." Nilidhani ni dawa zinasema. Nilimzika hapa kwa sababu nilikuwa nimeahidi, na moyoni nilimlaumu kwa kunitenga naye. Mimi nilikuwa nimekwisha kujichagulia nafasi karibu na baba.

Leo nilimpelekea maua. Makaburi yalikuwa na watu wachache, wenyeji watupu. Nilimwambia habari za nyumba. Upepo ulikuwa mkali, sikukaa.

6 Juni

Gari la mbio halina mlango unaofunguka. Milango imechomelewa, ndani yake kuna kizimba cha mabomba cha kumlinda dereva, na unaingia kwa dirishani kama mwizi. Zamani niliingia kwa mruko mmoja. Leo nilitaka kujaribu kiti kipya. Mguu wa kulia ukaingia, kiuno kikaingia, goti la kushoto likagoma. Nikabaki, nusu yangu ndani, nusu nje, mgongo umelalia dirisha, macho kwenye dari ya gereji.

Mwanzoni nilicheka. Kisha nikasikiliza. Mashine ya kukata nyasi mtaa wa pili. Mbwa. Lori la takataka likapita, likasimama, likaenda. Nikagundua kwamba nimeishi mtaa huu miaka yote hii na sijui niite jina la nani. Ningepiga kelele tu, kama mbuzi. Sikupiga. Niliwaza kwamba kule Stillhouse mtu angepita, kule mtu hapiti mlangoni pako bila kuita jina lako. Nikaanza kupanga vyumba vya nyumba ya mama kichwani: meza ya Lorene dirishani, vitabu vyangu ukuta wa jikoni penye joto. Nilikuwa nimefika kwenye mapazia nikasikia maganda ya karanga yakivunjika chini ya kiatu.

"Kentucky! Unaingia au unatoka?"

"Ningejua ningekuwa nimefika."

"Ngoja nimalize karanga."

"Kaz, karanga nje!"

"Mtu kaanikwa kama suruali, bado anatoa masharti." Lakini aliziweka nje, akarudi, akanishika kwapani. Mikono yake inatetemeka siku hizi. Ilitetemeka hivyo hivyo mpaka nikasimama sakafuni. "Huko kwenu kuna mtu wa kukutoa dirishani?"

"Kwetu kuna watu."

"Basi vizuri," akasema, akaenda kuchukua karanga zake.

30 Juni

Goti limevimba. Nimesoma tu, na kuweka barafu.

12 Julai

Nimelipeleka gari kwenye uwanja wa udongo nilikozoea, mwendo wa saa moja kutoka hapa. Linaachia nyuma: nikiingia kona, matako ya gari yanataka kunipita. Nimepunguza ukubwa wa tairi za kulia, likatulia, kisha likagoma kona kabisa, likaenda moja kwa moja ukutani kama fahali. Kati ya kuachia na kugoma kuna mahali padogo sana ambapo gari linakuwa mtumishi wako. Sikupafikia leo. Wenzangu wa zamani hawapo. Vijana waliniita "babu" kwa adabu, wakanipisha kwenye bomba la maji.

20 Julai

Verdie kwenye simu: "Halafu ujue udongo si ule. Kilima walikouchimba kilikwisha. Siku hizi wanaleta udongo kwa malori kutoka Ohio."

Nikamwambia udongo ni udongo. Lakini sikuamini neno langu. Udongo wa Stillhouse ulikuwa wa njano, unashika maji juu, karibu na ukuta, hata jua likichoma. Dereva mgeni alikimbia chini, upande wa ndani, penye kukauka, akateleza. Sisi wenyeji tulipanda juu. Nilipokuwa mtoto tulikaa kwenye mbao za watazamaji tukiwazomea wageni mpaka sauti zikakauka: "Rudi kwenu Ohio! Rudi kwenu Michigan!" Ilikuwa ndiyo raha ya Jumamosi. Nitalitengeneza gari kwa kupanda juu.

3 Agosti

Nimeanza kufunga vyombo. Visahani vya Lorene nimevizungushia magazeti. Sijamwambia mtu. Kaz alipita dirishani, akaona masanduku, akajifanya anaangalia mawingu.

9 Agosti

Juu ya dirisha la dereva, kwenye ukingo wa paa, huandikwa jina. Langu lilifutika siku nyingi. Nilimwomba Kaz aliandike upya, zaidi kwa kumpa kitu cha kufanya.

"Mikono hii?" akasema.

"Mikono hiyo."

Alikuja na sanduku lake la brashi, akafunga kiwiko cha kulia kwenye ubao kwa mkanda wa suruali ili kisitikisike. Alinitoa nje ya gereji yangu mwenyewe. Nilikaa barazani na kitabu mkononi bila kugeuza kurasa. Aliponiita jua lilikuwa limefika kwenye mti wa jirani wa mwisho.

Herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, zimeinama kidogo mbele kana kwamba ndizo zinazokimbia. Hazikutetemeka hata moja. KENTUCKY SIZEMORE.

Tangu siku ya kwanza kiwandani, msimamizi aliposhindwa kulikumbuka jina langu, nimekuwa Kentucky. Lorene peke yake ndiye aliyeniita Denzil hapa. Sidhani kama Kaz analijua.

"Wakuone watu wa kwenu," akasema, anafungua mkanda. "Wakujue toka mbali."

Nilimruhusu ale karanga barazani.

21 Agosti

Jana uwanjani nimepafikia pale mahali padogo. Gari limekubali.

28 Agosti

Nimeondoka na gari likiwa juu ya trela, nyuma ya lori langu. Kaz alisimama kwenye uzio, hakupunga mkono. Ohio yote mvua nyembamba. Nilipovuka mto kuingia Kentucky niliteremsha kioo, kama tulivyokuwa tukifanya na Lorene. Harufu ilikuwa ya lami.

29 Agosti

Nyumba ya mama imekuwa fupi. Verdie amekuwa mfupi. Alinipikia maharage, mkate wa mahindi na matufaha ya kukaanga, akaniangalia nikila.

"Unakula polepole."

"Uzee."

"Si uzee. Unakula kama mtu aliyekaribishwa."

Barazani walipita watu watatu jioni. Walimwita Verdie kwa jina, wakaniitikia mimi kwa kichwa. Nilisahau kwamba waliokuwa wakiliita langu wako makaburini au Ohio. Kitanda cha baba kina bonde katikati, la umbo la baba. Nimelala ukingoni.

30 Agosti

Naandika kabla sijasahau sauti zao.

Asubuhi ilikuwa foleni ya ukaguzi. Msichana mwenye kofia na penseli sikioni, Tressa, alipima mikanda yangu, akagonga kizimba, akarudi mbele, akasimama akasoma paa.

"Jina lako, mzee?"

"Denzil Sizemore."

"Hapa umeandikwa Kentucky."

"Ndivyo ninavyoitwa."

"Na nani?"

"Na watu."

"Watu wa wapi?"

Akawageukia wenzake. "Jamani, njooni! Kentucky amefika mwenyewe!"

Wakaja. Mmoja mnene, mikono imejaa grisi, akanipa mkono kwa heshima zote. "Shikamoo, Kentucky. Mimi naitwa Kentucky pia. Huyu shemeji yangu ni Kentucky. Yule mbwa, Kentucky, njoo umwamkie wajina wako!" Mbwa akaja. Tukacheka wote, na mimi nilicheka, maana yalikuwa matani yetu hasa, yasiyo na sumu. Ningekuwa upande wao ningesema hayohayo. Lakini nilikuwa nimekwisha kuelewa. Hakuna mtu anayeitwa Kentucky akiwa Kentucky. Ni jina linalopatikana kwa kuondoka tu. Majira yote ya joto nililitazama na sikuliona, wala Kaz hakuliona. Huko mtaani kwetu Michigan linaeleweka.

"Unatoka wapi, mzee?" Tressa akauliza, penseli tayari.

"Hapa. Bonde hili hili, juu kidogo ya kanisa."

Akaitazama namba ya lori langu kwa upole. "Lori linasema Michigan."

"Andika Michigan," nikasema.

Goti liliingia dirishani bila ugomvi. Mtangazaji alitutaja mmoja mmoja tukizunguka taratibu, kila dereva na mji wake, kama ilivyo desturi. Fulani wa Hazard, makofi. Fulani wa Pikeville, makofi. "Na namba sitini na tatu, shikilieni kofia zenu: Kentucky Sizemore, kutokaaa... Michigan!"

Kicheko kilishuka kwenye zile mbao kama mawe. Kisha kuzomewa, kwa furaha, wazee, akina mama, watoto waliosimama kwenye viti: "Rudi kwenu Michigan!" Nililijua kila pumzi ya ule wimbo. Nilikuwa nausikia kwa mara ya kwanza kutoka upande huu wa kioo.

Bendera iliposhuka nilipanda juu, karibu na ukuta. Udongo wa Ohio haukuwa na habari na mimi. Juu palikuwa pakavu kama unga. Matako ya gari yakaondoka, nikagusa ukuta, magari yakanipita kwa chini mfululizo mpaka nikawa wa mwisho. Nilizunguka mzunguko mzima namtukana marehemu kilima. Halafu nikaacha kukumbuka. Nikashuka, nikaendesha kama ninavyoendesha kule Michigan, kwenye uwanja wangu wa saa moja kutoka nyumbani, nabana mstari wa ndani, navuta pumzi kwenye sehemu iliyonyooka. Nikampita mmoja. Nikawapita wawili waliogombana. Kona ya mwisho nilikuwa wa nne, na mbao zilikuwa zinapiga kelele, "Michigan! Michigan!", na sasa haikuwa kuzomea.

Nimemaliza wa nne. Yule mnene alinitoa dirishani kama mtoto. "Mgeni unajua gari," akasema. Alimaanisha kunisifu, nami nimelipokea neno lake.

Verdie alikuwa kwenye lango la kutokea, na fimbo yake. Alilisoma jina, akapitisha kidole juu ya herufi ya kwanza.

"Nani kaandika?"

"Jirani yangu."

"Mikono mizuri," akasema.

31 Agosti

Nimeamka mapema, nimekunja shuka na kuziweka mwisho wa kitanda. Kaburi la baba ni safi. Nafasi niliyojichagulia pembeni yake ina mti sasa, wa mwaloni, umeota wenyewe, mrefu kunipita. Sikumwambia Verdie kitu. Nilisema nitapiga simu.

Njiani, nilipotengeneza mikanda kwenye trela, niliona kitu chini ya kiti cha dereva. Ganda la karanga. Nimekimbia mbio nzima juu yake.

1 Septemba, Jumatatu

Nilifika jana jioni. Kwenye nyasi za Kaz kumesimamishwa bango: NYUMBA INAUZWA. Herufi nyekundu, kivuli cheusi, zimeinama mbele. Hakuna bango zuri kama lile mji mzima.

Alikuwa amekaa kwenye ngazi.

"Kentucky! Umerudi!"

"Nani anauza nyumba, Kaz?"

"Unadhani nimemwandikia nani, paka?"

"Kila mwaka unasema Florida."

"Kila mwaka ulikuwa upo hapo ng'ambo ya uzio. Safari hii nilikuona unafunga visahani vya Lorene." Akavunja karanga, hakuila. "Mwanangu alikuja Ijumaa. Nimempa neno. Novemba."

"Sikukwambia naondoka."

"Hukuniambia unabaki."

Nilikaa kando yake. Alinisukumia mfuko wa karanga nami nikachukua.

"Jina walilionaje?"

"Walilisoma wote."

"Na herufi?"

"Hapakuwa na gari lenye herufi kama zile."

Akatikisa kichwa, ameridhika. Sikumwambia mengine. Nilitaka kumwambia kwamba naitwa Denzil, nikaona haina haja. Alichoka kabla ya jua kuzama, akaenda kulala.

Asubuhi hii nilimpigia Verdie. Hakuuliza hata habari za safari.

"Basi?"

"Mpe mwalimu na mkewe."

Nilisikia maji yakichemka jikoni kwa mama. "Nilijua," akasema. "Nilipoona shuka. Mwenyewe hakunji shuka, Denzil. Mgeni ndiye hukunja."

"Herufi za jirani umezipenda?"

"Nimezipenda. Usizifute."

Nimelifunika gari. Visahani nimevitoa kwenye magazeti, nimeviosha, nimevirudisha kabatini alipoviweka Lorene. Kesho nitakwenda makaburini kuuliza kama kuna nafasi kando yake. Novemba hakutakuwa na mtu mtaani wa kuniita Kentucky, na sitakuwa na mtu wa kumfukuza na karanga zake. Najua hivyo, na nimeandika nikiwa najua.

Sitarudi kwetu. Nitabaki hapa.